Sahani Kumi na Mbili za Mjomba

Nikisikia harufu ya mashudu ya alizeti, narudi kijijini Kinyangiri, mwaka niliokuwa darasa la nne, mavuno yameisha na kaka yangu anajiandaa kwa kipaimara. Mjomba alikuwa mfagiaji wa chuo kimoja cha mbali, na stoo ya pale ya vifaa vya zamani vya kutazamia nyota ilikuwa inafungwa, vitu vikitupwa. Akampigia mama simu: “Dada, nimekutumia sahani kumi na mbili kwa basi. Zitunze.” Mama akatangaza kwa majirani kwamba vyombo vya sherehe vimepatikana.

Sanduku la mbao lilipofunguliwa uani, mama aliinama kuchungulia. Ndani mlikuwa na vioo vya mraba, vipana kuliko daftari lililofunuliwa, vimejaa vidoti vyeusi. Pembeni kulikuwa na fremu nyembamba ya mbao yenye kifuniko cha kuvuta. Mama Elia, jirani yetu, alicheka mpaka akakaa chini. “Sahani za pembe nne! Mchuzi utamwagikia nani?” Mama hakucheka. “Hayo ni mavi ya nzi tu. Sara, sugua kwa majivu. Tutawekea maandazi.”

Nikasugua. Upande mmoja ukalainika, ukabanduka kama utando wa maziwa, na vidoti vyote vikaenda na maji. Nilipochomoa kioo cha pili, karatasi yenye mwandiko wa mjomba ikatoka nacho. Aliandika kwamba kila kioo, ambacho pale chuoni huitwa sahani, kilitiwa kwenye ile fremu nyuma ya darubini kubwa, kifuniko kikavutwa, mwanga wa mbinguni ukakichora taratibu. Kila kidoti ni nyota, maana palipopigwa na mwanga kioo hugeuka cheusi. Nakala nyingine hakuna.

Nilikuwa mtoto nisiyeitika hata nikiitwa jina kanisani. Nikafunga sanduku, nikalikalia.

“Sioshi tena, mama. Ni nyota.”

“Nyota nyeusi umeiona wapi wewe?”

Nikamsomea karatasi, polepole, kwa kidole. Akakiinua kile kioo kitupu juani. “Haya. Sahani za wageni utaziazima wewe, zote kumi na mbili. Mimi nimeshatangaza, sina uso.”

Angenichapa ningeshukuru. Nyumba ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka kuku wakanizoea. Shikamoo ilitoka, mengine yakakwama, nikaondoka. Nikarudi. “Naomba sahani, za kipaimara.” “Si mlisema mnazo?” “Zile ni za nyota.” Yule mama mwenye nyumba akacheka, akanipa mbili. Kabla jua halijazama zilitimia kumi na mbili, za bati na za udongo, kila moja na alama ya mwenyewe chini.

Siku hizi vyombo hukodiwa Singida Mjini kwa ujumbe wa simu, na simu hiyo hiyo hupiga picha ya mbingu na kuifuta. Sioni ubaya. Mimi niliishia darasa la saba, na bado maneno yangu ni machache. Vioo kumi na kimoja viko chini ya kitanda changu, na nimeamua shule ya kata ivipokee, watoto wavione. Mara mbili nimeambiwa nirudi kesho. Kesho nitarudi. Nitasema shikamoo, kisha nitasema na yale mengine.