Mpanda Milima na Majani ya Sakafuni

"Majani haya ya sakafuni ni ya lini?" Lameki alifoka, mguu mmoja juu kama aliyekanyaga kinyesi cha kuku. "Mimi niliyelala juu ya mawe ya Ruwenzori, nije kwangu kulazwa juu ya majani yaliyooza?"

"Ni ya wiki iliyopita," alijibu mkewe, Kokubanza, bila kuacha kumenya ndizi. "Kama yanakuwasha, mawe yako hayajahama. Yafuate."

Ndiyo yaliyokuwa maamkizi yao tangu bwana huyo arudi.

Lameki alizaliwa Muleba, akabatizwa na Walutheri, akasoma hadi darasa la nne, akaoa, akarithi kibanja chenye migomba na mibuni iliyoshiba. Hakukosa kitu ila akili ya kutulia. Mwaka bei ya kahawa ilipoanguka, alipita Mzungu mmoja mwenye mfuko mgongoni. Hakuwa mmisionari, wala mtu wa serikali, hakununua, hakuuza. Alikuwa anatembea tu. Lameki alimbebea sufuria hadi Biharamulo, akarudi macho yamemtoka.

"Mama Kemilembe, yule mtu hana anakokwenda! Na kila anapofika watu wanampa mayai!" alimwambia mkewe.

Mwanamume mwingine angecheka, akaenda kupalilia. Huyu alichukua gunia la kahawa, akalishonea mikanda miwili ya ngozi, akasema anakwenda kuiona Uganda na atarudi wakati wa mavuno. Hakusema mavuno ya mwaka gani. Alikaa miaka sita.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alipoondoka. Kokubanza alikuwa amekamata kikapu kizima, akawanyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vikavimba, akakaanga. Uhayani hiyo si zawadi. Mke humkamatia mume senene, na mume humlipa mke nguo mpya. Ndivyo ilivyo, hakuna anayeuliza. Lameki alikula akashiba, waliobaki akawakausha na kuwatia guniani kuwa chakula cha njiani. Nguo akasema ataileta.

Misimu sita ikapita. Kila Desemba wanawake walikwenda kanisani na nguo za senene, bado zinanukia duka. Jirani yake, Joviana, hakukosa kumgeukia: "Na yako ya mwaka huu, mwenzangu, ni rangi gani?" Alijua vizuri. Kokubanza alivuta ile kuukuu mabegani, akaimba kwa nguvu zaidi.

Sasa mume amerudi na ndevu, viatu vya ngozi na maneno. Wanaume walijaa kumsikiliza, wa kwanza akiwa mdogo wake, Aroni, wote wakitafuna kahawa ya Kokubanza, zile buni kavu anazopewa mgeni. Lameki alivuka mto ameshika mkia wa ng'ombe. Lameki alikunywa maji ya kwenye kwato. Lameki alilala ndani ya mti huko Kongo.

"Mtu asipotoka alikozoea," aliwaambia, "hawezi kujijua."

Kokubanza alisikia yote akiwa mekoni. Katika miaka hiyo paa lilibomoka, akalala na mtoto wake Kemilembe mvua ikiwanyeshea, bila kuvuka mto wowote. Alibeba kahawa kichwani siku mbili hadi mjini Bukoba, akalala Rwamishenye kwenye baraza la watu asiowajua, akauza sokoni Bilele, akarudi kwa miguu. Hakuna aliyekuja kutafuna kahawa na kumuuliza ameona nini.

Ijumaa moja Lameki alitangaza kwamba Jumatatu anaondoka tena. Safari hii Mombasa.

"Senene wameanza kuanguka," akamwambia mkewe. "Nikamatie wa njiani."

Kokubanza aliweka kisu chini. "Nguo yangu iko wapi?"

"Nguo gani?"

"Ya senene uliowala ukaenda nao Uganda."

"Mwanamke, nakueleza habari za bahari, wewe unaniletea habari za nguo!"

"Bahari sijaikopesha kitu, Baba Kemilembe. Nimekukopesha wewe."

Nguo hakuwa nayo, wala cha kununulia. Akatoa viatu vyake viwe malipo. Kokubanza hakuvitazama.

"Umelalamikia majani," alisema. "Basi nenda rweya, kwenye nyasi kule nje ya migomba, ukayakate. Uyalete kichwani, uyatandaze humu kwa mikono yako. Nguo nitakusamehe."

Lameki alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake. Kukata majani ya sakafuni ni kazi ya wanawake na wasichana. Mwanamume mwenye tita la majani kichwani hajawahi kuonekana Muleba.

"Nitakwenda jioni," alisema kwa sauti ndogo. "Giza likiingia."

"Mchana. Na upitie kwa Aroni."

Jumamosi alichukua mundu, akafika mgomba wa mwisho, akasimama. Akarudi akisema mvua inakuja. Jua lilikuwa linawaka. Jumapili mguu ulimuuma. Aliyevuka Kongo alishindwa kuvuka mpaka wa kibanja chake!

Jumatatu Kokubanza alimwekea gunia mlangoni, halina kitu ndani.

"Nenda tu na deni lako," Kokubanza alimwambia. "Wanaokuja kutafuna kahawa yangu nitawasimulia mimi. Safari hii hadithi ni yangu."

Lameki alipiga hesabu. Nani atasikiliza habari za barafu ya Ruwenzori kutoka kwa mtu aliyekula senene wa mkewe bure? Akauokota mundu.

Saa sita alirudi na tita limelala upande, nyasi zikimfunika masikio. Kwa Aroni watu walikuwa kwenye rubisi, pombe ya ndizi. Vibuyu vilisimama hewani.

"Karibu, mama!" Aroni akaita. "Watoto hawajambo?"

"Mwacheni dada apite," akadakia mwingine. "Mzigo huo ametoka nao Kongo!"

Lameki alipita. Jasho lilimtoka kuliko alivyowahi kusimulia juu ya mlima wowote. Akaingia kwake, akapiga magoti, akatandaza.

Kokubanza alitazama. "Umechanganya na miiba. Na hukuyatandaza, umeyamwaga."

"Lakini deni?"

Kokubanza alivua ndara moja, akavua ya pili, akatembea juu ya majani toka mlangoni hadi mekoni, polepole. Yalikuwa mabichi, yananukia. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga majani ambayo hakuyakata yeye.

"Nguo nimekusamehe," alisema. "Senene wa njiani kamata mwenyewe."