Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Raewyn Hislop alilala kifudifudi kwenye mkeka, bunduki begani, akafumba macho na kushusha pumzi taratibu. Alipoyafumbua, duara jeusi la shabaha lilikuwa palepale katikati ya tundu la kulengea.

"Umeona?" Ngaire alisema, amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Bunduki ikikukataa, ukifumbua macho unajikuta unalenga ukuta. Hiyo imekukubali, shoga yangu. Usijifanye huoni."

Ilikuwa ya tatu kuijaribu jioni ile katika ukumbi wa klabu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Kijerumani, kitako chake kina skrubu nyingi kuliko trekta. Ya pili ilikuwa nyepesi na nzuri, ila komeo lake la kutilia risasi lilikaa kulia, na Raewyn ni mtu wa mkono wa kushoto. Kila akitaka kutia risasi ilimbidi anyanyue kiwiko, apitishe mkono kwa juu, kisha ajilaze upya kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hii ya tatu ilikuwa kongwe, ya kutia risasi moja moja, zile ndogo zinazoingia kumi kiganjani bila shida, na mahali pa komeo ilikuwa na wenzo wa kuvuta chini ya kifyatulio. Haikujali kulia wala kushoto. Ngaire mwenyewe alikuwa ameilalia shavu tangu ujana wake, mpaka macho yalipomsaliti.

"Jumamosi anakuja mtu kutoka mji wa Invercargill kuitazama," Ngaire alisema. "Mimi nataka iwe yako. Lakini fanya haraka."

Kwenye meza ya chai kila mtu alikuwa ameleta sahani yake, kama ilivyo ada, na kama ilivyo ada sahani sita kati ya nane zilikuwa za mikate ya jibini iliyokunjwa na kuokwa. Alec Dunbar, kapteni wa klabu, alimsogezea mmoja.

"Leseni ya bunduki imefika wapi, Raewyn?"

"Mkaguzi anakuja nyumbani Alhamisi."

"Basi umeshaipata! Nani atakunyima wewe, mpishi wa nyumba ya wazee? Labda wale wazee wenyewe, kwa uji ule."

Watu wakacheka. Raewyn naye akacheka. Hakuna aliyemuuliza neno moja lililopaswa kuulizwa, na wote walilijua.

Nyumbani kwake alikuwamo Lachlan. Ni mwanawe wa pekee, miaka ishirini na minne, na majira ya baridi yaliyopita wavuvi wawili walimtoa katika mto Mataura. Hakuteleza. Mji mzima ulijua kwamba hakuteleza, na mji mzima ulimletea mama yake kuni, nyama ya kondoo na magunia ya mizizi ya tanipu, ukasimama mlangoni ukazungumzia mvua. Watu wa Southland, mkoa huo wa kusini wa baridi na kondoo, wana mioyo mikubwa, sikatai. Lakini mtu wa huko nyumba yake ikiwaka moto, ukimwuliza hali atakwambia si mbaya. Waswahili tumeshasema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Raewyn alikuwa wa watu wake, naye alificha.

Na uchungu wenyewe ulikuwa hapo: ni baada ya mto ule ndipo Ngaire alipomshika mkono na kumpeleka kwenye shabaha. Usiku nyumbani Raewyn alilala sikio moja liko kwenye korido, likisikiliza mlango wa chumba cha mwanawe. Ila pale mkekani haikuwezekana kusikiliza. Palikuwa na duara, pumzi na kidole, basi. Alisafisha bunduki na kuipaka mafuta, alirudi nyumbani mabega yameshuka, na akalala. Kwa hiyo aliitaka bunduki ile kwa kiu ya kweli, na kiu hiyo ilimtia aibu, kwa maana mama gani aliye na kijana kama yule analeta bunduki chini ya paa lilelile?

Alijijibu kwa ujanja. Alinunua sefu la chuma, fundi akaja kulikaza ukutani katika chumba cha kufulia, na Lachlan akaambiwa ni la karatasi za nyumba. Mkaguzi alipotaka mtu wa karibu wa kumhoji, Raewyn hakumtaja kijana anayelala chumba cha pili. Alimtaja dada yake, Glenys, anayekaa Gore na kuja Krismasi.

Alhamisi mkaguzi, mzee Dalziel, alivua viatu vyake vya mpira mlangoni, akaingia na soksi iliyotoboka kidole. Alilitikisa sefu, likagoma kutikisika, akaridhika. Kisha akakaa mezani jikoni.

"Glenys nimeshaongea naye. Anakusifu. Na hapa, unaishi na nani?"

"Mwanangu."

"Hajambo siku hizi?"

Hata yeye alijua. Raewyn aliukamata ukingo wa meza.

"Si mbaya," alisema.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Lachlan alikuwa amerudi mapema kutoka kukamua, maji yanamchuruzika nywele, harufu ya ng'ombe imemtangulia.

"Shikamoo, mzee Dalziel."

"Marahaba, Lachlan. Ng'ombe hawajambo?"

"Wana akili kuliko mimi." Alijifuta uso kwa taulo la vyombo, na kwa mara ya kwanza mama yake hakumgombeza. "Umekuja kwa ajili ya bunduki."

Raewyn aliinua mkono kumzuia. "Lachlan, mwanangu, hiyo ni..."

"Mama, karatasi gani za nyumba hii zinahitaji chuma kama kile? Kila Jumatatu unarudi unanuka baruti. Unadhani sina pua?" Akamgeukia mkaguzi. "Mpe leseni, mzee. Hakuna mwangalifu kama huyu. Tangu nirudi kutoka hospitali amenifichia hata kisu cha mkate, tunakula mkate wa kumegamega kama ndege. Yeye anafaa. Lakini bunduki isikae humu ndani."

Mzee Dalziel aliweka kalamu chini.

"Kwa nini isikae humu?" aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu mimi nimo humu."

Raewyn alitaka kusema usiseme hivyo, uko sawa, unaendelea vizuri. Lachlan aliyaona maneno yakija.

"Unaniuliza kama nimekula, Mama. Kama soksi zangu kavu. Lile lenyewe hujawahi kuniuliza. Niulize basi."

Alimpikia mtoto huyu, alimfulia, alimlinda mlangoni kama askari, na swali moja hilo alikuwa amelikimbia mwaka mzima kwa kuogopa jibu.

"Bado unawaza kujiua?"

"Juzi niliwaza. Leo hapana."

Raewyn alilia, si kwa huzuni peke yake, alijikasirikia pia. Mzee Dalziel alinyanyuka akaweka birika motoni bila kuombwa, kama mtu aliyewahi kukaa katika majiko ya namna hii. "Kwa Alec kuna chumba cha chuma," alisema akiwa amewapa mgongo. "Nusu ya bunduki za klabu zinalala huko. Nitaandika hivyo. Na wewe, kijana, una daktari wa kuzungumza naye?"

"Ninaye. Jumanne."

"Mwambie na la juzi."

"Nitamwambia."

Alipokwisha kunywa chai alivaa viatu vyake na kuondoka. Raewyn alimpigia Ngaire simu, akamwambia ataichukua, ila itakaa kwa Alec. Ngaire akauliza kile ambacho hakuwahi kukiuliza: "Lachlan yukoje?" Raewyn alifungua kinywa aseme si mbaya, akajizuia. "Anaumwa," alisema. "Njoo umsalimie."

Alipokata simu, Lachlan alikuwa amesimama mbele yake na pakiti zote za dawa zake, za asubuhi na za kulalia.

"Sefu lako liko tupu," alisema. "Weka hizi. Uwe unanipa za siku moja moja. Ufunguo kaa nao wewe."

Aliziweka. Mkono wake wa kushoto, ule usiotikisika mkekani, ulikosea tundu la ufunguo mara mbili, na Lachlan akaushika mpaka ufunguo ukaingia.

"Na kesho?" Raewyn aliuliza.

"Kesho niulize tena."