Bangili Iliyokatwa Karakanani

Siku niliyoanza kujifunza mashine ya kukereza chuma, katika karakana moja ya mtaa wa Hai Jalaba, mjini kwetu, fundi wangu Mganda hakunionyesha swichi. Alinikagua mimi kwanza. Aliniambia nifunge nywele, nikunje mikono ya shati, nivae miwani na nivue glavu. Nilipozivua akaona bangili yangu ya shaba.

"Hiyo toa, dada. Mashine inashika kitu kama hiyo, inavuta mkono yote."

Haikutoka. Mama alinivisha nikiwa mtoto, asubuhi niliyoondoka na shangazi kwenda kusoma Kenya, na mkono ulikuwa umenenepea humo. Tulijaribu sabuni, tukajaribu oili. Nilikuwa na hamu mno ya kuanza, nikamwambia aikate. Aliikata taratibu kwa msumeno wa chuma, akaniwekea vipande kiganjani.

Alasiri ile nilikereza chuma changu cha kwanza. Kiling'aa, nikafurahi sana.

Nyumbani, Mama aliuona mkono mtupu hata kabla sijamsalimia. Nilipomweleza, alivichukua vile vipande akavishika kwa muda mrefu.

"Afadhali mkono umesalimika," alisema. "Lakini ungekuja niikate mimi. Mimi ndiye niliyekuvisha."

Sikuwa nimewaza hilo, na mashine ingeningoja mpaka kesho yake. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha katika karakana ile, na Mama hayupo tena. Mwanafunzi akija na pete isiyovulika, namrudisha nyumbani kwanza.