Zulekha na Pampu za Figo

Nilikuwa napima iliki dukani, Mtaa wa Swahili, Severa, mwenzake dada yangu kazini, aliponipigia simu. Hakusalimia. "Kaka Hafidhi, Zulekha ameanguka kazini. Tumemfikisha hospitali, lakini ametutoka." Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilifunga duka iliki ikiwa bado kwenye mizani.

Dada yangu alikuwa fundi wa maabara, Upanga. Alilea seli za figo kwenye vichupa, akizilisha hata sikukuu ya Iddi. Kila seli, alituambia, ina pampu ndogo mno zinazosukuma asidi nje. Kuna watoto wanaozaliwa pampu hizo zikiwa mbovu. Asidi inajaa mwilini, mifupa inalainika, hawakui. Yeye na wenzake walitaka kujua kama seli ya namna hiyo ikipewa pampu nzima itaanza kusukuma tena.

Na alivyopenda kueleza! Siku moja alitia magadi kwenye juisi ya rozela mbele ya wateja wangu, ikageuka bluu. Akakamulia ndimu, ikarudi nyekundu. Akasema kule maabara naye anayo rangi yake, ila hiyo inawaka ndani ya seli asidi ikishatoka. Mzee Abdulhamid, jirani yetu wa duka, akamuuliza juisi hiyo sasa atainywa nani. Zulekha alicheka mpaka akakalia gunia la tangawizi.

Mwezi uliopita, kwenye seli walizozipa pampu nzima, rangi iliwaka. Alikuja dukani mbio, anahema, akamkumbatia Mama, aliyekuwa ameketi nami, hata kabla ya shikamoo. Ikawaka mara ya pili. Mkuu wao akataka ya tatu, maana mara mbili huenda ikawa bahati tu. Alikuwa anaiandaa hiyo ya tatu alipoanguka.

Severa, waliyekuwa wakifanya naye kazi meza moja, alifika msibani akiwa na jambo aliloona haya kulisema. Seli zilikuwa tayari. Zisipopimwa siku ile zitakufa, na kuandaa nyingine ni miezi. Lakini ataondokaje msibani, rafiki yake hajazikwa? Mimi nikasema abaki. Mama, aliyekuwa mkekani na tasbihi yake, akanikatiza.

"Nenda, mwanangu. Kamalizie kazi ya mwenzio. Sisi tutamwosha."

Alirudi tumeshamkafini. Alipiga magoti mbele ya Mama, analia na kucheka kwa pamoja. "Mama, imewaka. Vichupa vyote."

Kina mama waliokuwa wakisoma Yasini waligeuka kumtazama. Mama akasema Alhamdulillah, akairudia kwa sauti, chumba kizima kikaitikia. Nilikuwa mlangoni, nikajikuta nacheka na mimi, siku ya msiba wa dada yangu.

Baada ya Alasiri tulimswalia msikitini, tukambeba mpaka makaburi ya Kisutu. Nilishuka kaburini na binamu zangu wawili. Tulimlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, tukapanga mbao, tukafukia. Shehe akasoma dua, tukaitikia amina, tukarudi nyumbani.