Biarusi wa Al Qabil

Khabari ilinifikia asubuhi, nipo uwani namwagilia mirehani. Mwalimu mwenzangu, ambaye tunafundisha skuli moja hapa Ibra, alinipigia simu na hakusalimia. "Mama ametutoka," alisema, na mimi nikafunga maji nipate kumsikia vizuri. Mama huyo hakumzaa. Alikuwa mke wa baba yake, waliooana uzeeni, wote wawili na mvi zao. "Ameshaswali alfajiri, kakaa kitandani anajifunga mtandio," aliendelea. "Baba alidhani kainama kutafuta viatu." Walimzika siku ile ile Al Qabil, baada ya adhuhuri, katika wakati wa mwaka ambao mwenyewe akiupenda kuliko wote: baridi imeshaondoka na joto bado halijafika, mindimu imechanua, na mtu anaweza kukaa nje mchana bila ya kukimbilia kivuli.

Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba sipendi kutaja majina ya watu, hasa ya watu ambao hawawezi tena kunikataza. Yatosha kusema kwamba kabla ya ndoa hiyo bibi huyu alikuwa jirani yangu kwa miaka mingi, ukuta kwa ukuta. Alizaliwa Unguja, akafundishwa kufuma sweta skulini huko, kwa sindano ndefu mbili na uzi wa sufu, na alipohamia Oman angali kijana, pamoja na mume wake wa kwanza, alikuja na sindano zile zile. Watu wakimcheka. Nani anafuma sufu katika nchi ya jua kama hii? Lakini waliowahi kulala Ibra wakati wa baridi hawakucheka, na watoto wengi wa mtaa wetu walikwenda skuli asubuhi za Januari wamevaa kazi ya mikono yake. Kufuma kwenyewe akianza majira haya ya mwaka, kila mtu anapokunja masweta na kuyaweka kabatini. Nilimuuliza sababu. "Joto likiingia vidole vinatoka jasho, uzi unanata," alinijibu. "Na baridi ikifika, mwenye kuhitaji anahitaji leo, hawezi kungoja nimalize mkono." Kwa hiyo kila mwaka, mitende inapoanza kutoa makole ya maua, alikuwa barazani na kikapu chake.

Mumewe wa kwanza alipofariki, wanawe walimtazama vizuri, na ni haki yao niseme hivyo. Wote wanakaa Maskati na wana kazi kubwa. Walimwekea mfanyakazi kutoka Tanga, msichana mwenye adabu, wakamletea televisheni inayojaza ukuta, na dawa zake za presha zilifika kabla za zamani hazijesha. Mwaka mmoja, wakati kama huu, mwalimu mwenzangu alitualika sisi wawili shambani kwa baba yake, Al Qabil. Mzee huyo, mgane wa siku nyingi, ni Muomani ambaye hajavuka bahari na hakuwa akijua neno moja la Kiswahili. Tulimkuta juu ya mtende na mkoba shingoni, anaipa mitende jike unga wa maua ya dume, na alipoteremka alikuwa anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Jirani yangu alimtazama, kisha akamgeukia binti yake, yule mwalimu mwenzangu. "Baba yako hana mtu wa kumwambia afunge kifua?" Alisema kwa Kiswahili, akidhani yatabaki baina yetu. Binti akaangua kicheko, na mzee akataka atafsiriwe. Alipotafsiriwa hakucheka. Alijibu kwa Kiarabu, kwa utaratibu, kwamba mtu huyo alikuwapo, na tangu aondoke, kifua kimekaa wazi.

Mwezi haukwisha, jirani yangu akamaliza fulana ya sufu isiyo na mikono, ya rangi ya kahawa, akampa binti ampelekee baba yake. Likarudi kapu la ndimu, na juu yake asumini zimefunikwa kwa jani la mgomba. Halafu ikaja posa. Binti mwenyewe ndiye aliyetumwa, ameona haya kana kwamba anaposwa yeye. Jirani yangu aliweka sindano chini. "Mimi nimekubali," alisema. "Lakini nina wanangu."

Nilikuwapo siku aliyokuja mwanawe mkubwa, maana mama yake aliniomba nikae naye. Alimbusu mama yake kichwani, akakaa, na hakukunywa kahawa. Hakupiga kelele. Alikuwa kama mtu aliyeumizwa. "Mama, kitu gani umekosa?" aliuliza. "Mfanyakazi yupo. Dawa zinakuja mlangoni. Ukitaka umra, tunakupeleka. Watu watasema watoto wameshindwa kumlea mama yao. Niambie tu, kitu gani umekosa?" Mama yake alimtazama kwa huruma zaidi kuliko hasira. "Kitu sijakosa, mwanangu," alisema. Mtoto alisikia kwamba amekubaliana naye. Alisimama, akaaga, akaondoka na gari lake kurudi Maskati kabla ya magharibi.

Walikuwapo waliomshauri aende kwa kadhi, kwa kuwa mwanawe ndiye walii wake wa kumwozesha, na walii akizuia bila ya sababu, sheria ina njia. Mimi pia nilimwambia hivyo. Alikataa. "Nimewazaa mimi. Niwashitaki, kisha nikishinda nirudi nyumbani na nini?" Basi akangoja. Mwaka ukapita, joto likaja na likaondoka. Salamu zikaja kupitia kwa binti, ndimu zikaja, na Al Qabil mzee hakuposa kwengine. Sikumsikia jirani yangu akilalamika hata mara moja, ila niliona kwamba kila sweta aliyoimaliza aliifumua na kuianza tena, na nilipomuuliza alisema kola haikukaa vizuri.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa maneno ya mtu yeyote. Mfanyakazi alikwenda Tanga kwa likizo, na mtoto mkubwa akachukua ruhusa kazini, akaja kukaa na mama yake. Nadhani tangu aoe alikuwa hajakaa nyumba ile zaidi ya siku ya Idi. Yaliyotokea alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, amesimama mlangoni kwangu na funguo mkononi. Alasiri moja alikuwa chumbani, akasikia mama yake anazungumza barazani, kwa sauti ya mtu mwenye mgeni. Akavaa kanzu vizuri, akatoka kumsalimia mgeni. Hakukuwa na mgeni. Mama yake alikuwa peke yake na sindano zake, anahesabu vitanzi: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Mama, unahesabu kwa sauti?"

"Eh. Siku zote."

"Kwa nini?"

"Nyumba isikie mtu," alimjibu, wala hakuinua macho kwenye kazi yake.

Aliniambia kwamba alirudi chumbani, akakaa kitandani, na alikaa hapo mpaka adhana. Baada ya sala alipiga simu Al Qabil, kwa mzee ambaye hajawahi kumsalimia, akamwita Ami, kama anavyoitwa ndugu wa baba, akamwomba aje Ibra na watu wake.

Ndoa ilikuwa ndogo, majira haya haya, na biarusi alivaa kanga juu ya nguo yake kwa sababu, alisema, hakuna aliyekuwa na umri wa kumkataza. Akahamia shambani. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea nilikuta ameshapanda mchaichai kando ya mfereji wa maji, na mirehani, na mpilipili, na mzee amejifunza Kiswahili cha kutosha kukosea. Alinipokea kwa "Kwaheri!" kubwa, yenye furaha, na mkewe akamwambia, "Hiyo ya kuondokea, bwana." Lakini ninalolikumbuka zaidi ni hili. Uzi wa sufu aliokuwa akiupata huuzwa umezungushwa duara refu, na kabla ya kufuma lazima mtu mmoja aushike kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele, na mwengine auviringe donge. Mzee alikuwa ameushika, amekaa mkekani kimya, mikono mbele kama anayeomba dua, wakaingia wazee wenzake watatu waliokuja kumtazama. Alikuwa na nafasi ya kuuweka uzi chini. Hakuuweka. "Samahani, siwezi kusimama," aliwaambia. "Nina kazi." Mkewe aliendelea kuviringa, taratibu, ameinamisha kichwa ili wasione anavyocheka. Wazee wakakaa, kahawa ikaletwa, na yeye akanyweshwa na mwenzake kwa sababu hakuwa na mkono.

Sisi ambao wazee wetu walibeba Unguja na Pemba mpaka huku, tumefanikiwa. Tuna majumba yenye vyumba tusivyovilala, na wazazi tumewawekea kila kitu. Mzazi akizeeka tunamgeuza amana: tunamhifadhi, tunamfunga mlango asipigwe na upepo, tunahesabu vidonge vyake. Amana haina matakwa. Mama hasa, tukimwona anataka jambo lake mwenyewe, tunashituka kama tumesikia kabati likisema. Si ukatili. Mara nyingi ni mapenzi yaliyofanya haraka, yakajibu kabla hayajauliza.

Hawakupata miaka mingi pamoja. Katika azaa, kikao cha matanga, nilikaa na wanawake, na mwalimu mwenzangu akanieleza yaliyokuwa upande wa wanaume. Mtoto mkubwa alikaa bega kwa bega na mzee siku zote tatu, akipokea watu, akimtambulisha kwa waliotoka Maskati: "Huyu ndiye Ami, mume wa mama." Siku ya mwisho, watu walipopungua, kila mmoja wa watoto alikuwa na lake. Huyu alitaka mzee ahamie kwake, huyu alitaka kumtafutia mfanyakazi. Mtoto mkubwa aliwanyamazisha, akamgeukia. "Ami, wewe mwenyewe unataka nini?" Mzee alifikiri, kisha akasema anataka kubaki shambani kwake, na anataka watoto wa marehemu wasiache kuja, kwa sababu kuna mambo ya mama yao ambayo hana mwengine wa kuzungumza naye. Wakakubaliana hivyo.

Nilirudi Ibra nikiwa na suali lile kichwani. Mimi nina baba yangu, mjini Sur. Mama yangu alifariki zamani, na baba anaishi peke yake, na tunajiambia kwamba amechagua mwenyewe. Kila nikienda, gari linajaa: mchele, blanketi, kipimo kipya cha sukari. Jioni ile nilimpigia. Shikamoo, marahaba, khabari za mwili, khabari za dawa. Kisha nikasema, "Baba, nataka kukuuliza kitu. Wewe mwenyewe, hasa, unataka nini?"

Nikamsikia anazima redio.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

Hakuna aliyeniambia, wala bado sijui ni jambo gani. Najua tu kwamba lipo, kwamba amekaa nalo siku nyingi, na kwamba lilikuwa likingoja suali ambalo halina gharama yoyote. Wenye wazazi wangali hai, waulizeni, kisha nyamazeni mpaka wajibu. Mimi Ijumaa nakwenda Sur, na sichukui kitu.