Kijiti Mfukoni mwa Shati la Baba

Basi kubwa likisimama stendi ya Mbale hutoa hewa: pshhhh. Wengine hata hawasikii, wanakimbilia mizigo yao. Mimi nageuka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na akili zangu timamu, lakini nikisikia hewa ikitoka namna ile namtafuta mama yangu, halafu inabidi niinamie mkoba nijifanye natafuta simu. Leo asubuhi imenitokea tena, na safari hii nimeona niwaelezeni, kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Tulikaa Walukuba, kule Jinja, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda. Baba alikuwa dereva wa magereza, mtu wa Tororo. Mama alikuwa Mgisu wa Malukhu, hapa Mbale. Lugha zao hazikukutana, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambini, kikali, na jirani mgeni akikisikia alidhani kuna mtu anakamatwa. Mama alipenda kuwasimulia wageni jinsi alivyotongozwa kwa amri: "Njoo hapa. Kaa. Kunywa soda." Baba alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, ingawa hadithi aliijua.

Gari letu lilikuwa zee, refu, la kijani. Baba alilipata kwa mzee mmoja Mhindi wa duka la vyuma, aliyelichoka kwa sababu mafundi waliliogopa. Nyuma, mahali ambapo magari mengine yana springi, lile lilikuwa na mipira miwili ya hewa. Karibu na usukani kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza upande wa juu, pampu inalia nguuuu na gari linainuka. Ukikibonyeza chini, hewa inatoka, pshhhh, na gari linashusha matako yake polepole. Watoto wote wa mtaa walikuja kulitazama likikaa na kusimama, na mimi nilijiona binti wa waziri.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano mama aliugua mgongo. Nasema mgongo kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa. Madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu, wakanyamaza, na mimi nikadhani kunyamaza kwao ni dalili ya kupona. Alikonda, akawa hawezi kuinua mguu hata kupanda kizingiti. Ila gari lilimfaa. Baba alilishusha mpaka kiti cha nyuma kikawa sawa na nyonga zake. Mama akageuka, akakaa, akavuta miguu ndani mmoja mmoja. Hakuna aliyembeba. Hilo alilithamini kuliko dawa.

Alitaka kitu kimoja tu. "Baba Nandutu, nipeleke kwa mama." Nandutu ni mimi. Alikisema asubuhi, akakisema jioni, bila ugomvi. Baba akajibu, "Tutaenda, mama. Wiki ijayo." Wiki hiyo ikafika, nguo zikapakiwa kwenye begi, na asubuhi ya safari tukakuta gari limelala, nyuma limekaribia kugusa chini kabisa.

Baba akabonyeza kitufe. Pampu ikalia kidogo, ikanyamaza. Taa ya manjano ikawaka mbele ya usukani. Akajaribu kumpeleka mama hivyo hivyo, lakini gari lisilo na hewa linakalia vyuma, na kila shimo lilimpiga mama mgongoni. Hatukufika hata barabara kuu. Mama hakupiga kelele, aliuma leso yake. Tukarudi.

Akaitwa Fundi Kirunda kutoka Nalufenya, mtu mwembamba aliyechanganya r na l kama Wasoga wengi, na aliyekuwa na subira ya ajabu. Kwanza akakoroga sabuni ya unga kwenye beseni, akaipaka mipira yote miwili, tukainama sote kutafuta povu. Mpira ukivuja, povu lazima litoke. Halikutoka. Mpaka leo harufu ya sabuni juu ya mpira wa moto inanipeleka pale chini, kifudifudi, magoti yamejaa changarawe. Akafuata mirija ya hewa, inchi kwa inchi. Mizima. Akafungua pampu, akainusa, akaifunga. Akabadilisha fyuzi. Kila asubuhi mimi nilipima kwa rula yangu ya shule kutoka juu ya gurudumu mpaka ardhini, nikaandika kwenye daftari la hesabu. Baba ndiye aliyenipa kazi hiyo, na niliifanya kwa bidii kuliko hesabu zenyewe.

Siku ya nne au ya tano, fundi akakaa chini akajifuta mikono. "Afande," akasema, "hii gali inafikili iko juu. Ndiyo maana inatoa hewa yake yenyewe. Kuna kitu inaidanganya."

"Endelea kutafuta," baba akasema.

Fundi alimtazama, kisha akainama tena chini ya gari. Nilidhani amechoka.

Mimi nilikuwa mtoto mbishi, jamani, na sikupenda kushindwa na chuma. Nilijiingiza chini nikalinganisha upande na upande. Kushoto kulikuwa na kijiti cha chuma, kirefu kama kalamu, kimeunganisha ekseli na kidude kilichoshikiliwa kwenye bodi. Kulia kidude kilikuwepo, kijiti hakikuwepo. Nikapiga kelele. Fundi akanieleza taratibu kwamba kijiti hicho ndicho kinachoiambia gari kimo chake, na bila hicho gari haijui iko wapi. "Itakuwa ilianguka njiani," akasema, macho yake yakiwa kwa baba. Baba akasema kitaagizwa Kampala. Basi tukaanza kungoja kijiti cha Kampala. Siku zikapita. Mama aliacha kula ugali, akabaki na uji. Jioni baba alikaa naye barazani, akimkanda miguu, wakiongea kwa sauti ya chini, na nilikuwa sijawahi kuwaona wakikaa pamoja muda mrefu kiasi hicho.

Asubuhi moja nilikuwa nafua. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, amejiegemeza ukutani. "Angalia mifuko ya shati la kazi la baba yako kwanza," akaniambia. "Ule wa kifungo." Nikafungua kifungo. Ndani, kwenye karatasi iliyokunjwa vizuri, kulikuwa na kijiti cha chuma, kirefu kama kalamu.

Ee Mungu, nilivyokimbia! Mikono ina povu, gauni limelowa. Baba alikuwa uani na fundi. "Baba! Hakikuanguka! Ulikiokota mwenyewe ukasahau!"

Nilingoja anisifu. Nilingoja hata soda. Baba alikiangalia kijiti kwenye kiganja changu, asikichukue. Fundi Kirunda akajifanya anatafuta spana aliyokuwa ameishika. Kisha baba akakaa juu ya bampa ya nyuma, mtu aliyefundishwa kusimama wima maisha yake yote, na mabega yake yakaanguka.

"Ni kweli," akasema. "Nilisahau."

Kutoka barazani mama akaita, sauti yake nyembamba lakini bila hasira yoyote. "Baba Nandutu. Tuende kesho, basi."

"Ndiyo, mama," akajibu. "Kesho."

Kazi ya kurudisha kijiti haikuchukua hata dakika kumi. Nguuuu, gari likasimama. Nilipiga makofi peke yangu.

Tulipita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi, mabwawa ya mpunga pande zote. Baba aliendesha polepole hata baiskeli zikatupita. Mlima Wanale ulipoonekana mama aliomba ainuliwe kichwa, akautazama mpaka tukaingia mjini.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, kwa wasiojua. Kwa Wagisu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawakai chini ya paa moja. Ni heshima, na baba aliishika kuliko Wagisu wenyewe. Tangu aoe, hakuwahi kuvuka ua wa bibi kule Malukhu. Alisimamisha gari nje, akabonyeza kitufe. Pshhhh. Mama akaweka miguu chini. Baba akamshika kiwiko mpaka kwenye pengo la ua, na ndani bibi alikuwa amesimama, ametupa mgongo, leso imemfunika kichwa, mkono mmoja ameunyoosha nyuma. Baba akaachia. Mama akatembea mwenyewe hatua sita. Nilizihesabu.

"Umenishusha vizuri," mama akamwambia baba, bila kugeuka.

Baba hakurudi Jinja. Alikaa nje ya ua, ndani ya gari, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Mama alilazwa kwenye chumba chenye dirisha upande wa barabara. Asubuhi, mchana na jioni tulisikia pampu, nguuuu, halafu hewa, pshhhh. Mimi nilitoka mbio na rula yangu. "Baba, gari ina shida tena?" Akajibu, "Hapana. Napima tu." Ndani, kila mara, mama alifumbua macho na kusema, "Haya." Nilidhani anamjibu bibi.

Siku ya nane, mchana, pampu ililia, hewa ikatoka, na mama hakusema kitu. Bibi aliinama, akamgusa shingo. Nje, baba akabonyeza tena. Na tena. Bibi akavua leso kichwani, akaiweka kitandani, akatoka nje uso mtupu mpaka kwenye pengo la ua. Nilimfuata. Baba alipomwona akashtuka, akafunika macho kwa mkono kama desturi inavyotaka. Bibi akasimama pale pale, hakuondoka. Baba akashusha mkono taratibu, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na akajua. Waliangaliana na kulia, watu wazima wawili, na mimi katikati na rula ya shule.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua. Kwamba ningeacha kufungua kile kifungo, tungekuwa bado tunangoja Kampala. Sikumwambia mtu. Baba naye hakusema, na sasa hayupo. Nilimchukia kidogo pia, siwafichi, kwa zile siku alizomnyima mama kukaa na mama yake. Ilibidi niolewe, nimwuguze mume wangu wiki tatu nikisikia watu wanataka kumchukua kumpeleka kwao, ndipo nikaelewa kilichokuwa kwenye ule mfuko. Baba alijua kwamba mama akivuka ule ua, yeye atabaki nje. Hatamkanda miguu tena. Alikuwa anaiba siku, moja moja, na mama alimwachia aibe mpaka zilipokaribia kwisha. Aliujua mfuko. Aliniambia hata kwamba ni ule wa kifungo, kwa sababu hakutaka kumuaibisha mumewe kwa kumwomba kijiti yeye mwenyewe.

Na ile sauti, mwajua sasa, ilikuwa salamu ya baba. Mlango pekee alioruhusiwa kubisha.

Leo stendi, basi lilipotoa hewa, niligeuka kama kawaida, na kabla sijajizuia nikasema kwa sauti, "Haya." Mama mmoja muuza ndizi aliyekaa kwenye benchi akiita wateja alidhani namjibu yeye. Akasogeza kikapu chake, akapangusa pale penye nafasi, na mimi nikakaa.