Siku Mbili za Mapumziko ya Tuba

Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba la kampuni, mjini Likasi, na kifua chake kilikuwa kimeanza kuharibika. Akikohoa yeye, mabati ya jirani yanaitikia. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: atoke kwenye ule moshi. Na njia iliyokuwapo, amini usiamini, ilikuwa kupuliza. Wapigaji wa fanfari, ile bendi ya matarumbeta iliyopokea wageni wakubwa, walihamishiwa kazi za mchana, mbali na tanuru. Ndipo mtu wa kikohozi akaenda kuomba tuba, lile tarumbeta nene kuliko yote.

Mkuu wa fanfari alimpa miezi mitatu ya majaribio, tuba kuukuu na daftari. Kila siku mwombaji aandike mazoezi yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za karani wa mahudhurio kiwandani: P, yupo, A, hayupo, M, mgonjwa. Ukifikisha A tatu, unarudisha tuba. M isiyo na karatasi ya dispensari inahesabiwa A.

Mwandiko wa mume wangu ulikuwa wa kuku. Mimi nilisoma kwa wamisionari wa Mulungwishi, na mistari yangu ilinyooka hata bila rula. Basi nikachukua daftari kwa siri, na juu ya ukurasa, badala ya jina lake, nikaandika "Tuba". Niliona kinachohesabiwa ni kile kilichokabidhiwa. Ikawa tuba P, tuba P, tuba P, mfanyakazi asiyejua kutega kazi.

Alipiga akitoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji. Wiki za kwanza sikuweza kutenganisha sauti ya tuba na kikohozi, nikaviandikia vyote P. Lakini jamani, furaha aliyokuwa nayo! Huyu ni mtu aliyenuna tangu siku ya harusi. Siku alipopata sauti nne safi mfululizo alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, chakula kikaungua.

Wiki ya saba kitufe kimoja cha tuba kiligoma. Bila kufikiri niliandika M, tena kwa wino, na M inataka karatasi. Nilifanya nini? Niliifunga tuba mgongoni kwa kitenge, nikaenda kupanga foleni dispensari.

"Mama, mutoto iko na nini?" aliniuliza mwanamke wa nyuma yangu.

"Inashindwa kupumua."

"Pole, mama. Na vile iko muzito!"

"Ni kama baba yake," nikamjibu.

Muuguzi alifungua kitenge, akatazama, wala hakucheka. Miaka ile mtu alijifunza kutocheka mbele ya kitu chenye namba ya kampuni.

"Jina ya mugonjwa?"

"Tuba."

"Iko na matrikule?"

Namba ilikuwapo, imegongwa kwenye shaba. Mimi mwenyewe sikuwa nayo. Akaandika: kupumua kwa shida, kupakwa vaselini, mapumziko siku mbili. Akapiga muhuri.

Vaselini ilifanya kazi kabla sijafika nyumbani. Lakini karatasi ni karatasi.

"Mama, ilisha kupona!" mume wangu alilalamika.

"Ilale mupaka kesho kutwa. Balitia muhuri."

"Sasa miye nifanye nini?"

"Weye pia pumzika."

Siku mbili nzima alikaa akiitazama tuba imelala kitandani, nzima kabisa, naye amekatazwa kuigusa.

Miezi mitatu ikaisha. Tulikwenda mbele ya mkuu wa fanfari, mume wangu ametia tuba begani na ameshaloanisha midomo. Mkuu alifungua daftari kwanza. Akasoma ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye karatasi ya muuguzi akasimama, akavua miwani, akaifuta.

"Sitwayeni, miye iko na bantu ishirini na mbili ya kupiga," alisema, kwa neno la serikali la kumwita kila mtu raia. "Ya kuandika hivi, hata moya. Ni weye uliandika hii kaye?" Akaligonga daftari kwa kidole.

Mume wangu ni mtu wa kweli. Nilimwona anafungua mdomo kunitaja, nikamkanyaga kidole.

"Ni yeye," nikasema. "Kila siku."

Basi akafanywa karani wa mahudhurio wa fanfari. Kazi ya mchana, ofisini, kwenye kiti chenye mto. Hakuombwa apige hata sauti moja. Tuba ikachukuliwa begani mwake, akapewa mmoja wa wale ishirini na wawili.

Kikohozi kilipungua, namshukuru Mungu. Sikukuu ya kwanza fanfari ilipita barabara kuu, wananchi wakipiga makofi. Mume wangu alitembea kando yao na daftari kwapani, na kila mwenye tuba alipopuliza, niliona mashavu yake yeye yanajaa upepo.

Jioni akaliweka daftari mezani mbele yangu, kama kawaida, maana mwandiko wake ulikuwa bado wa kuku.

"Andika, mama. Bote balikuwa."

Nikaandika P ishirini na mbili. Nilitafuta mstari wa kumwandikia yeye. Haukuwapo, na nilishindwa kumtazama usoni.